Ndege wa Bawa Jekundu

Mama yangu mpenzi,

Na wala sikukumalizia! Simu ilikatika ndiyo kwanza nafika penyewe, kwa hiyo acha niandike. Shikamoo, mama. Magoti yanasemaje? Miwani mpya umeizoea, au bado unaivaa mbele ya wageni tu? Sisi huku wazima kabisa. Hii ni wiki ya sita ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo mlangoni moyo unanienda mbio kama wa mtahiniwa.

Jumamosi mkweo alinipeleka kazini kwake, kwenye jumba la sanaa. Najua ulicheka uliposikia kazi yake ni kutundika picha; ulisema hata wewe una misumari minne ukutani na hakuna aliyekupa cheo. Lakini ungemwona, mama! Anavaa glavu nyeupe kama bwana harusi, anapima kwa rula, anapima tena kwa pima maji. Wenzake wanamwita Bwana Ngazi. Alinishika mkono ukumbi hadi ukumbi, akinionyesha kila picha kana kwamba ameichora yeye. Mbele ya mwanamke anayechana nywele akaninong'oneza kuwa kila asubuhi akipita pale ananikumbuka. Nilitaka kulia. Mlinzi akakohoa.

Ukumbi wa mwisho ulikuwa na maonyesho mapya ya vitambaa vya kudarizi. Cha katikati, ndani ya kioo, kilinigandisha miguu: kilikuwa chako, mama. Ndege wanane wa bluu, na wa tisa mwenye bawa jekundu kwa sababu uzi wa bluu ulikuishia. Kibao chini kilisema: mdarizi hajulikani.

Halafu nikaona jambo jingine. Ndege wako huangalia kulia, kuelekea mlangoni. Hawa walikuwa wakiangalia kushoto. Kitambaa kimetundikwa nyuma mbele! Nikamwambia mume wangu polepole. Akabisha; amekagua pande zote kwa lenzi, na upande ule hauna fundo hata moja. Nikamwambia humjui mama yangu, yeye hufumua kazi nzima akiona fundo nyuma. Akaenda mwenyewe kwa msimamizi kukiri kosa ambalo pale hakuna mwingine angelijua. Mama, nilimpenda upya. Msimamizi, bibi mmoja mkali, akakifungua, akakigeuza, akakigeuza tena, akaangua kicheko. Alisema miaka yake yote hajaona mgongo wa kazi unaoshindana na uso. Akauliza mdarizi huyo yuko wapi, na kitambaa kilimtokaje.

Swali hilo la mwisho ndilo limenikalisha na kalamu. Mama, kile kitambaa hakikuibwa kambani ulikokianika, kama ulivyoamini. Jirani yetu wa mlango wa pili hakukigusa. Nilikichukua mimi. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa anahama, wenzangu wote walileta zawadi, mimi sikuwa na kitu, na nilitaka ajue kwamba hata kwetu kuna kitu kizuri. Alikitunza mpaka alipofariki, ndipo, kwa maelezo ya msimamizi, wanawe wakakileta pale. Nilikusikia ukimshtaki jirani pale uani, nikajificha nyuma ya mlango. Miaka kumi na miwili mnapishana bila salamu, na mimi kimya. Nilimweleza mume wangu tukiwa kwenye ngazi za nje. Hakunikemea. Alisema kosa lake la wiki moja tu lilikuwa gumu kulikiri, basi anaweza kukisia uzito wa langu.

Nisamehe, mama. Kitambaa sasa kinaangalia kulia, na kibao kimeondolewa; kipya kitaandikwa jina lako, ukikubali. Msalimie kaka, na wanawe wote uwabusu kwa niaba yangu. Jirani usimwambie neno. Nataka niugonge mlango wake kwanza, mwenyewe, ndipo nije kwako. Mkweo ameshaomba ruhusa: kabla mwezi huu haujaisha utatuona wawili uani, na hata ukinifukuza, nitakaa pale pale kambani mpaka unifungulie.

Ni mimi, kitindamimba wako.