Panya wa Mahindi Safi

Jumatatu, 3 Machi
Maabara saa moja kasoro. Maji, matandiko, kompyuta. Panya ishirini na wanne, kila mmoja na kizimba chake, mwezi wa tano sasa. Kamera na vihisi vinaandika kila wanachofanya: kula, kulala, kukimbia kwenye gurudumu. Nusu wanakula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, nusu mahindi safi. Hakuna anayewajua kama mimi.

Jumatano, 5 Machi
Wa mahindi safi wanapunguza kukimbia. Siku ya sita mfululizo. Dk. Komba, mkuu wangu, kasema vihisi vimeharibika, nifute data ya wiki. Nimekataa. Nimeomba siku mbili. Kanuna.

Alhamisi, 6 Machi
Chumba chao tunakitia giza mchana, ndipo wanapokimbia. Nimekaa na taa nyekundu, nimehesabu mizunguko kwa macho. Sawasawa na kompyuta. Mashine ni nzima. Basi ni chakula.
Gunia tulilofungua wiki iliyopita limetoka ghalani kwa Mama Ngonyani, mkulima anayetuuzia mahindi, kijiji cha Maposeni. Tulilipima juu tu. Kosa letu. Nimelimwaga sakafuni. Katikati punje za kijani, zinanuka uvundo. Nimepima: sumukuvu. Na yule mama anakula mahindi ya ghala hilohilo. Nimempigia simu, nimemwambia asiyaguse.

Ijumaa, 7 Machi
Bodaboda hadi Maposeni. Mama Ngonyani kasimama mlangoni pa ghala, mikono kiunoni.
"Shikamoo mama."
"Marahaba. Panya wako wachoke, mimi nimwage chakula changu?"
"Wamechoka tu, mama, hawajafa. Ndiyo maana nimekuja leo."
Nikapima mahindi mbele yake. Akatazama. Hasira zikamwisha. Akamwita binti yake, mjamzito, wiki nzima chakula hakipiti. Tukampeleka zahanati pamoja.

Jumanne, 11 Machi
Panya wamepata mahindi mengine. Safari hii nimechota juu, katikati na chini ya gunia. Bado wazito. Sina wasiwasi, watarudi. Dk. Komba kaandika kwenye ripoti data ibaki yote. Kaniomba radhi mbele ya wenzangu. Nilistahili.

Jumamosi, 22 Machi
Tisa kati ya kumi na wawili wanakimbia kama zamani.
Mchana nimepita Maposeni. Ghala limefagiliwa, halina kitu. Mahindi wameyafukia nyuma ya shamba. Binti anakula. Mama kaniletea uji wa ulezi, tukanywa barazani, sote watatu.