Bwawa la Mwanangu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe na wifi yangu, na goti lako liwe limepata nafuu. Mimi, ukiuliza, sijambo la kuitikia tu. Daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi, nami nimefundisha kemia miaka thelathini na mmoja. Sihitaji kusomewa jibu lililokwisha kuandikwa ubaoni. Mkono unatetemeka ila akili ingali mahali pake, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Najua umeona haya kupiga simu tangu mambo ya bwawa. Hukuwahi kuliona. Mwanangu aliponunua nyumba hii alilikuta uani, na siku ile ile akawa mtu mwingine. Kuogelea hajui. Huingia upande wenye kina kifupi, maji yakamfika kitovuni, akasimama humo mikono kiunoni kama mkaguzi wa shule. Mkwe wangu hukaa ukingoni akapigwa picha, kisha hurudi ndani kuhesabu waliomsifia mtandaoni. Wageni huamriwa watazame maji yanavyong'aa, nao huitikia midomo imejaa nyama. Mmoja aliuliza kama ndani kuna samaki. Huyo peke yake ndiye niliyempenda.

Mwanangu alidhani bwawa ni ndoo kubwa. Hakujua kwamba maji yanataka kuchujwa kwa muda wa saa nane kila siku, yapimwe, yatiwe dawa kwa kipimo, na kuta zisuguliwe. Wiki ya kwanza alimwaga klorini kwa kukisia, kama anayetia chumvi mchuzini, akatoka humo macho yamemwiva. Nilimwambia hata wanafunzi wangu waliofeli walikuwa na adabu ya kusoma kibandiko kwanza. Hapo ndipo alipomkumbuka mwanao, binamu yake, ambaye mabwawa ndiyo kazi yake. Haukupita mwezi, ungeweza kuhesabu vigae vya chini ukiwa umesimama barazani.

Alikuja kila Jumatatu na Alhamisi, asubuhi. Akimaliza hupitia dirishani kwangu, akaniita Shangazi Mwalimu, akauliza leo mtihani uko wapi. Nami nikimwuliza swali hakosi.

Kisha maji yakageuka kijani, kuta zikaota utelezi, na Jumamosi wakubwa wa ofisini kwa mwanangu walikuwa wamealikwa. Mwanangu alibwata nyumba nzima ikasikia. Alisema mwanao anauza dawa halisi kwingine na kutuletea iliyotiwa maji. Mwanao akajibu kwa upole kwamba dawa ni nzima, ila huenda mashine haifanyi kazi saa zote zinazotakiwa. Mkwe wangu akacheka, akasema tangu lini mwizi akakosa cha kusingizia. Ndipo wakaniletea vichupa vya kupimia, mimi mwalimu, nitoe hukumu. Nikapima, nikatamka mbele yao wote kwamba dawa ni dhaifu. Mwanao alinitazama kidogo tu. Akasema haya Shangazi, akachukua wavu wake akaenda zake. Siku hiyo hiyo mwanangu akakupigia, nawe, mwepesi wa kuamini ubaya wa mtoto uliyemlea mwenyewe, ukamfungia mlango.

Sasa nisikilize. Dawa ilikuwa nzima. Mashine ya kuchuja iko chini ya dirisha langu, na ngurumo yake ilininyima usingizi wa mchana. Wiki tatu mfululizo, wenyewe wakishakwenda kazini, nilijikongoja hadi kwenye swichi nikaizima, nikaiwasha kabla hawajarudi. Maji yasiyozunguka huoza. Nililijua hilo kabla mwanao hajazaliwa. Na siku ya kupima sikukosea. Nilichota kwenye pembe ya mbali, ambako dawa haifiki mashine ikilala, kwa sababu nilijua maji ya pale yatasema nini.

Usinitafutie sababu nzuri, maana haipo. Niliwadharau watu wa nyumba hii tangu walipohamia, nikajiona mwenye akili kati ya majuha, na sikuwa tayari majuha hao wajue kwamba aliyeharibu maji yao ni mimi. Ilikuwa rahisi zaidi kumtoa mwanao. Katika wote waliosimama kando ya bwawa lile, wa kudharauliwa alikuwa mmoja, naye ndiye aliyeshika kichupa.

Juzi nilimweleza mwanangu. Alinipapasa bega kama mtoto, akasema dawa za maumivu zinanichanganya, na kwamba yaliyopita si ndwele. Nilimwelewa: kuomba radhi kwa binamu anayesugua mabwawa kungemshusha. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, ili asiwepo wa kukwambia nilikuwa naweweseka.

Mwite mwanao nyumbani. Msomee barua hii yote kabla hujamwambia kwamba naumwa. Namjua; akisikia kwanza kwamba nakufa, atanisamehe papo hapo kwa huruma. Usimpe nafasi hiyo. Anikasirikie kwanza mimi nikingali hai, na akitaka kuja kuniambia usoni, mlango wa uani hufunguliwa asubuhi na nitakuwa nimeamka.

Nisalimie wifi na wote walio hapo. Nawe ujitunze, wala usijifanye kijana kwenye ngazi.

Ni mimi, dada yako mkubwa.