Niliandika Kwamba Alitabasamu

Kunyamaza ni kutolisema jambo. Kuficha ni kulizuia lisimfikie mwenye haki ya kulijua. Mwandishi wa barua hii amevuka mpaka kati ya hayo mawili, naye anajua.

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla mkono wangu haujazoea uongo. Namtunza mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyepooza upande mmoja, na kila jioni naandika daftari la hali yake kwa Kiingereza na kutuma picha ya ukurasa, maana binti yake yuko ughaibuni na daktari wanayemtegemea huko hasomi Kiswahili, nami mwanzoni Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, kila alichofanya mzee niliandika "amesogea", hadi siku moja akalisoma daftari akacheka, "Mwanangu, kwani mimi kabati? Mbona nasogea tu?", ndipo akaanza kunifundisha, neno moja la Kiingereza kila nikimlisha, kushtuka, kusita, kupapasa, kuduwaa, kila neno akiniigizia kwa nusu ya uso inayomtii, nami nikaanza kuona yaliyokuwa yakinipita, kwamba kusita si kuchoka, na sasa nikimgeuza ubavu wa kushoto anakunja uso na kuuma meno, neno lake nalijua kwa sababu alinifundisha yeye, lakini aliponiona nashika kalamu akasema, "Hilo usiliandike. Binti yangu akilisoma atanipeleka nyumba ya wazee. Andika nimetabasamu," nami nimeandika hivyo siku tisa, na kila asubuhi binti anajibu, "Asante dada, naona baba ana furaha." Niseme nimsaliti, au nimtii aumie?

Mlezi

Dada mlezi, pole. Anayefundishwa kuona na mtu hushindwa kutomwona mtu huyo, na uchungu wako ni wa upendo. Hata hivyo, umekosea. Umewekwa pale uone kwa niaba ya aliye mbali. Mzee ana haki ya kukataa kuhamishwa. Hana haki ya kukugeuza wewe pazia. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho kitakukuta na kalamu mkononi.

Tena umelipanga swali vibaya. Kusema si lazima kuwe kumhamisha: maumivu hayo huenda ni kidonda cha kulalia, huenda ni bega, na mengi ya namna hiyo hutibiwa nyumbani. Hamjui, kwa kuwa mmemnyima daktari neno moja.

Kesho, ukishamwogesha, kaa upande anaokuona vizuri umwambie, "Mwalimu, leo naandika." Usimwombe ruhusa, mpe taarifa. Andika neno lenyewe, saa, ubavu, na ulichokuwa ukifanya. Zile siku tisa usizifute: andika kwamba hazikuwa sahihi, utie tarehe. Kisha mpe mzee zamu, aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kubaki kwake, nawe uandike neno kwa neno. Binti ayasome yote mawili katika ukurasa mmoja. Atakukasirikia. Vumilia, ana sababu.

Linabaki jambo nisilolimudu. Iwapo mzee mwenye akili timamu, akishaelezwa yote, bado atachagua maumivu katika kitanda chake kuliko nafuu katika kitanda cha wengine, binti anayempenda amsikilize hadi lini?