Ng'ombe wa Mahari Wanaoitika Kiingereza

Shangazi Josephina, shikamoo. Nakuomba unisome hadi mwisho ndipo ucheke, maana kila niliyejaribu kumweleza jambo hili, hata kwa kuzunguka, alianza kucheka mapema na mwisho wake hakuusikia, nami nimebaki na siri inayoninyima hamu ya kula.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha sita, naishi na wazazi huku Kasekese, Wilaya ya Mpanda, na tangu baba aumie mguu miaka miwili iliyopita mimi ndiye ninayechunga ng'ombe. Mwaka jana nilipata nafasi ya kuomba kozi ya afya ya mifugo ng'ambo, ila sharti nifaulu mtihani wa kupima Kiingereza utakaofanyika Tabora mwezi ujao, na mwalimu wangu wa zamani akanionya kwamba habari za kusoma kwenye mtihani huo hupenda sana baiolojia, tena kwa maneno mazito mazito, akaniazima kitabu chenye orodha yake. Sasa shangazi, porini daftari halikai, likikosa kulowa mvua linatafunwa na ndama, ndipo nikapata akili ambayo wakati ule niliiona kubwa mno: kila ng'ombe nikampa neno lake.

Yule mwekundu anayejipenyeza kwenye uzio pole pole, ukija kumtazama tena yuko kwenye mahindi ya watu, nikamwita Osmosis. Mwenye yangeyange mgongoni siku zote, ndege anakula wadudu na ng'ombe anapumua, akawa Symbiosis. Dume ambaye jua liwake au mvua inyeshe yeye habadiliki, Homeostasis, na bibi mmoja mzee anayecheua mchana kutwa nikampa Peristalsis. Nikawa nawaita hivyo huko porini asubuhi na jioni, wakazoea, nikiita Osmosis anainua kichwa na mimi hapo hapo natamka maana yake kwa Kiingereza, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa na zizi zima kichwani.

Ubaya ni kwamba ng'ombe hao walikuwa na majina yao. Nyumbani kwetu ng'ombe hupewa jina la mtu aliyesababisha aje, na uzao wake unaendelea nalo, kwa hiyo huyo Osmosis kwa kweli ni Kabula, jina la shangazi yangu ambaye mahari yake ndiyo iliyomleta bibi yake yule ng'ombe. Baba hajui kusoma, lakini akikaa kwenye kigoda chake atakutajia kila ng'ombe, mama yake na bibi yake, mpaka kule Shinyanga tulikotoka, na mimi majina yote hayo nimeyafuta kwa ajili ya baiolojia.

Mwezi uliopita tulipeleka mahari ya kaka yangu Ngolo kwa akina Scola, mchumba wake, kule Litapunga. Tuliswaga ng'ombe siku mbili, baba akaja kwa kubebwa na baiskeli. Kwetu baba wa kijana husimama akamwita kila ng'ombe kwa jina, ng'ombe akigeuka, baba wa binti anampokea. Baba akaita, "Kabula." Hakugeuka hata mmoja. Akaita tena kwa nguvu, na Osmosis akaendelea na majani yake. Akaita wa pili, akaita wa tatu, mpaka Mzee Nyanda, baba yake Scola, akamwambia baba taratibu, "Machibya, nyie ng'ombe wenu mbona hawawajui? Isije ikawa mmetuletea wa kuazima." Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka kwa baba, nikijua kwamba neno moja lingemgeuza yule ng'ombe, nikanyamaza, na chakula kilipoletwa nikala.

Tangu siku hiyo ndoa imesimama. Ng'ombe wako Litapunga lakini hawajapokelewa, Mzee Nyanda anataka kwanza ajue ni wa nani, Scola analia, Ngolo hasemi na mtu. Na baba, shangazi, jana alikaa mlangoni pa zizi akaniambia, "Mwanangu, naona sauti yangu imezeeka. Hata ng'ombe siku hizi hawanisikii." Niliona aibu nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Nikisema ukweli, baba atasema Kiingereza ndicho kilichomwaibisha na Tabora sitaenda, nikinyamaza, kaka anamkosa Scola, na juu ya yote hayo, tangu ng'ombe wa mahari waondoke maneno yao nayo yananitoka kichwani moja moja. Nifanyeje? Tafadhali sana ficha jina langu.

Mchunga ng'ombe, Kasekese

*

Mwanangu mchunga ng'ombe,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila umemtaja baba yako, kaka yako, mchumba wake na baba mkwe, na katika Wilaya nzima ya Mpanda nadhani ng'ombe anayeitwa Osmosis yuko mmoja tu. Gazeti hili likishushwa kwenye treni, siku mbili hazipiti Kasekese yote inajua. Kwa hiyo swali la kusema au kunyamaza limekwisha. Lililobaki ni nani atakayemwambia baba yako kwanza, wewe au muuza magazeti.

Nimecheka, sikufichi, na nilipowasomea wenzangu ofisini kazi ilisimama. Akili ya kuwapa ng'ombe maneno si mbaya. Wapo wanafunzi wa mjini wenye meza na taa ya umeme ambao hawana nusu ya bidii yako. Kosa lako wala si Kiingereza. Kosa lako ni kusimama hatua tano kutoka kwa baba yako, akishukiwa kuazima ng'ombe wake mwenyewe, nawe ukangoja chakula. Hapo umenikera kweli.

Basi fanya hivi. Mwambie baba, na usianze na mtihani, anza na Kabula. Akifoka mwache afoke, ana haki, na usimkatize kumweleza faida za elimu. Kisha ombeni siku Litapunga, mwende wewe, baba na Ngolo, msimtume mshenga. Simama kando ya baba yako mbele ya watu wote, umwite Osmosis. Akiinua kichwa, baba ataje pale pale, "Kabula," na amtaje mama yake na bibi yake. Fanyeni hivyo kwa wote. Mtu aliyeazima ng'ombe hawezi kuwajua bibi zao, na Mzee Nyanda ni mfugaji, hilo hahitaji kuelezwa. Watakucheka. Vumilia, kicheko hicho ni chako, si cha baba yako. Halafu bakia huko wiki moja, kila wakati wa kukamua uwaite kwa majina yote mawili, mpaka la zamani litoshe.

Na mtihani? Huko Tabora hakuna atakayekuuliza Osmosis ana pembe gani. Watakupa habari ndefu uisome na uielewe. Neno linaloondoka na ng'ombe hukuwa umelijua, ulikuwa umelifunga kamba tu. Kila jioni mpelekee baba yako neno moja, umweleze kwa Kisukuma, maji yanapitaje, chakula kinashukaje. Akielewa yeye, ujue nawe umeelewa, ndipo uliandike kwa Kiingereza katika sentensi yako mwenyewe. Nina hakika mtu aliyeambiwa ukweli, akashirikishwa na somo lenyewe, hatakuzuia kwenda kujifunza kutibu ng'ombe wake. Tena muulize yeye anakumbukaje. Ameweka zizi zima kichwani, na vizazi vyake, bila daftari wala kitabu cha kuazima. Mwalimu unaye nyumbani, na tangu mwaka jana ulikuwa unamfutia ubao.

Lakini Litapunga na Tabora zitangoja. Kwanza nenda pale mlangoni pa zizi, leo hii, kabla ya kukamua, umwambie baba yako kwamba sauti yake haijazeeka.