Maji ya Kumsindikiza Kaka

Kaka Tahsin,

Natumai huko Hamburg u mzima. Huku mvua ya mawe imeangusha zeituni mbichi, na mbuzi wa jirani wamehamia kwenye yale makaburi ya watu wa kale juu ya kijiji. Watalii wanawapiga picha mbuzi zaidi kuliko makaburi.

Mama alikuwa akiwapa watalii chai, na kila mmoja alipoondoka alimwaga maji nyuma yake, ili aende salama na arudi, kama tufanyavyo kwa watu wetu. Wao walidhani anaosha ngazi.

"Mama, hao wamekuja kuona mawe tu, hawarudi!" nilimwambia.

"Nyamaza wewe. Mmoja wao anaweza kukutana na kaka yako huko." Kisha akaanza yale yale: "Siku ile ningejaza ndoo. Nilitia maji nusu tu, ndiyo maana hajarudi."

Tulimzika Mama Alhamisi. Nilikupigia simu mara nne.

Kaka, kosa si la ile ndoo. Siku unaondoka, Mama alishindwa kutoka nje kwa kilio, akanikabidhi mimi ndoo. Nilikuwa na hasira kwamba unatuacha. Nikangoja gari lipinde kona, nikayamwaga maji yote kwenye kile kimche cha mlimao. Miaka kumi na tatu nimemwacha ajilaumu.

Mlimao sasa umepita dirisha. Mama alipenda kukaa kwenye kivuli chake, akitazama barabara.

Mdogo wako,
Nebahat