Bunduki Iliyooshwa

Jumatatu, 3 Juni

Leo imeletwa bunduki ya kesi. Mpelelezi kaja nayo mwenyewe, kaiviringisha kwenye blanketi kama mtoto mchanga, na hakukubali kiti mpaka nimeipokea kwa mikono miwili.

Ni ya kwetu, imetengenezwa karakana hii. Niliitambua kabla blanketi halijafunuka vizuri – triga yake nimeichora mimi, na mzazi hapotezi sura ya mwanawe hata aote ndevu.

Kisa chenyewe: askari wa msitu, zamu ya alfajiri, anaingiza risasi. Anasema alipofunga bolti tu, lile komeo la chumba cha risasi, bunduki ikalia. Hakugusa triga. Mwenzake alikuwa ameinama mbele yake, anafunga kamba za viatu. Akafa palepale. Ingeitwa ajali tu, lakini jana yake hao wawili walikuwa wamegombana, na kituo kizima kilisikia. Sasa askari yuko mahabusu. Mahakamani ni Jumatano ya wiki ijayo.

Mpelelezi ana swali moja: bunduki hii inaweza kufyatuka bila kidole cha mtu?

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba triga yangu haina tabia hiyo. Nikaufunga. Nikasema tutaipima. Nikaiweka mezani, nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 4 Juni

Imeoshwa! Mungu wangu, imeoshwa.

Karakana yetu ina sheria ambayo mimi mwenyewe huwatambia nayo wageni: bunduki chafu haipimwi. Chochote kikilazwa kwenye meza ya bati pale mlangoni, Mama Mafuta anakifungua, anakiosha kwa mafuta ya taa, anakipuliza kwa hewa, anakipaka mafuta mapya. Haulizi cha nani. Na mimi jana niliilaza wapi? Meza ya bati. Mkono ulikwenda wenyewe. Halafu mimi ndiye nisiyeamini kwamba vitu vinaweza kwenda vyenyewe.

Mama Mafuta alinikabidhi ikimeremeta kama meno ya bwana harusi. Nilishindwa kufoka. Nikamweleza taratibu ni bunduki ya nani na mtu yuko wapi. Akakaa juu ya ndoo.

"Baba, nimeosha kesi ya mtu," akasema.

Tumeipima hivyo hivyo. Tumeibana kwenye jiliwa, mtutu ndani ya sanduku la mchanga, ganda lenye fataki tu, bila baruti wala risasi. Funga bolti, fungua, funga. Nimeipiga kitako kwa nyundo ya mpira. Nimeitikisa, nimeibembeleza, mwisho nimeitukana. Kimya. Nzuri kama siku nilipoichora.

Nilifurahi kidogo. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wa askari amekuja. Jana pia alikuja, mlinzi wa geti akamrudisha. Leo kasimama tu mpaka mlinzi akachoka yeye. Mdogo kuliko nilivyodhani. Akaniamkia kwa heshima zote, akakaa kwenye ncha ya benchi.

Nilijiandaa kwa machozi. Hakulia. Akaniuliza ndani ya bunduki mna nini, kwa sababu kila mtu anamwambia kuhusu moyo wa mumewe na hakuna anayemwambia kuhusu bunduki. Basi nikamchorea. Springi inasukuma pini mbele ili igonge fataki. Kinachoizuia ni kichuma kidogo, sisi tunakiita kidole cha ndani. Ukivuta triga, kidole kinashuka, pini inaruka. Ukiachia, kidole kinarudi juu, kinasubiri. Ndiyo hadithi yote – mlango na bawabu wake.

Akaufuata mchoro kwa kidole. Akasema mumewe alikuwa na neno lake kuhusu bunduki hiyo: kwamba asubuhi za baridi inachelewa kuamka. Ukiibonyeza ikiwa tupu, triga inarudi polepole, kama mtu anayevuta shuka.

Nikamuuliza wanaitunzaje huko kituoni. Kama walivyoamriwa, akasema. Mafuta kila jioni. Mumewe ni mtu wa kutii, anadondoshea mpaka yanamwagika.

Nilimsindikiza mpaka getini. Kurudi sikuweza kukaa.

Ijumaa, 7 Juni

Sanduku la triga. Nililifunga pande zote ili vumbi lisiingie – nilipongezwa kwa hilo, nilipeana mikono na watu wenye tai. Vumbi haliingii. Lakini mafuta yanaingia kwa juu, kupitia mpenyo wa bolti. Na yakishaingia, yanatokea wapi?

Hayatoki. Sikuyaachia hata tundu la sindano.

Nimemuuliza Mama Mafuta aliosha nini humo ndani. Akasema lilimpa tabu, ilibidi abadilishe mafuta ya taa, kilichotoka kilikuwa kinene na cha kahawia, kinanata kama gundi. Alisema huku anatazama viatu vyake. Mafuta ya miezi yakiganda kwa baridi, kidole hakirudi juu chote. Kinashika pini kwa ukingo wa ukucha. Bolti ikifungwa kwa nguvu – kinateleza.

Inawezekana. Kuwezekana si ushahidi. Ushahidi tumeumwaga mferejini.

Nimempigia mpelelezi. Nimeomba bunduki nyingine ya kituo kile, ya umri ule ule, na asithubutu mtu kuipangusa hata kwa leso. Akauliza kama ninajua ninachokiomba. Nikamwambia ninajua. Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mtu aliyekalia msumari.

Wakati wa chakula cha usiku nilimwonyesha mke wangu kwa kijiko na uma jinsi kidole kinavyoteleza. Kijiko kikaruka mpaka kwenye mchuzi. Akafuta meza, akauliza aliolewa na mume au na springi. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha utani. Akanijazia maji bila kuuliza.

Jumatatu, 10 Juni

Bosi ameniita. Mlango kaufunga mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida huwaachia wengine. Mtu mwema, tumezeeka naye humu. Akaniambia bunduki ya kesi ilipimwa, ikafaulu. Ni kweli. Niandike nilichokiona, basi, nisiandike ninachokidhania. Hajaniambia nidanganye. Kila neno lilikuwa kweli tupu, na nilipotoka shati lilikuwa limenigandama mgongoni.

Nimefikiria. Nikiandika hivyo, yule askari anakwenda na maji, na mimi nabaki fundi mwenye sifa. Nisipoandika hivyo, triga yangu ndiyo iliyoua mtu aliyekuwa anafunga viatu.

Bunduki ya pili imefika saa tisa alasiri. Chafu, ahsante Mungu. Sikuiweka meza ya bati! Nimeikumbatia mpaka ofisini kwangu. Mama Mafuta alipita mara tatu nje ya dirisha. Mara ya nne nikatoka, nikamwambia shemeji zangu hawanichungi hivi. Akasema haoshi, anataka tu kuwa na uhakika kwamba mimi sioshi.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi. Hapa mjini hakuna baridi ya msituni, kwa hiyo nimeomba hifadhi kwenye friza ya kantini. Mpishi kagoma. Kasema nyama yake haijawahi kulala na silaha. Mpelelezi akamwonyesha kitambulisho. Mpishi akahamisha nyama, akaniita muuaji wa maini. Neno limenichoma kuliko alivyokusudia.

Saa nne. Tumeitoa. Jiliwa, sanduku la mchanga, ganda lenye fataki. Tupo wanne: mimi, mpelelezi, Bosi, Mama Mafuta. Hakuna aliyemwita Mama Mafuta na hakuna aliyethubutu kumtoa. Nikabonyeza triga ikiwa tupu kwanza, kama wanavyofanya askari kabla ya zamu. Ilirudi polepole. Nimeiona kwa macho yangu – kama mtu anayevuta shuka.

Nikaweka ganda. Nikafunga bolti. Kimya. Nikafungua, nikafunga kwa nguvu zaidi. Kimya. Bosi akapumua kwa sauti. Chuma kilikuwa kimeanza kupata joto la mikono yangu. Tumeirudisha kwa mpishi.

Saa sita. Tena. Safari hii nimevaa glavu. Nikabonyeza, nikasubiri, nikaweka ganda, nikamwambia mpelelezi aone vidole vyangu vyote viko juu ya kishikio cha bolti. Nikasukuma.

Ikalia.

Fataki tu, mlio mdogo, kama mtu kavunja penseli. Hakuna aliyetikisika. Kamshipa ka moshi katika mchanga. Triga haijaguswa – mpelelezi alikuwa ameikodolea macho na bado akainama kuitazama tena. Mama Mafuta alijifunika uso kwa aproni.

Tulirudia. Ikalia tena.

Nilidhani nitasikia aibu, au nitasikia nafuu kwa ajili ya yule binti na mumewe. Havikuwahi kufika. Mpelelezi alinyoosha mgongo, akauliza kwa upole kabisa:

"Fundi, za namna hii ziko ngapi huko nje?"

Bosi akanitazama. Mimi ndiye niliyejibu. Vituo vyote vya msitu. Vyote. Na huko juu wiki hii ni baridi kali, na wote wameamriwa mafuta kila jioni.

Saa saba. Tumegawana simu. Bosi ana vituo vya mashariki, anafoka ili mtu aelewe. Mpelelezi yuko nje na redio yake. Mimi nina vya juu, kwenye baridi. Cha kwanza wamenielewa. Cha pili wamenielewa. Cha tatu kapokea kijana mchangamfu, kanisalimia, kaniuliza za mjini. Nikamwambia asiingize risasi, awaambie wenzake wasifunge bolti, waziweke bunduki chini. Akasema ngoja mzee, ndiyo tunapanga mstari wa zamu ya mchana, sikusikii vizuri, wanaweka risasi hapa nyuma yangu –

Simu imekatika.

Nimepiga tena. Haipatikani.

Nimepiga tena. Naandika ili mkono uwe na kazi. Laini inatumika. Kuna mtu anaongea huko, sijui anampigia nani, kituo kingine au hospitali.