Tobias Alivyompisha Mama Yule

Goweko, Jumapili mchana

Dada Getruda, shikamoo.

Mimi na shemeji yako Tobias tulishuka hapa kwa treni juzi, tumefikia kwa rafiki yake wa kazini. Watu wamemaliza kuvuna, ngoma kila uwanja. Nimecheza mpaka kisigino kimepasuka! Nimekununulia asali, nzito kweli.

Tobias aliniambia hajawahi kukanyaga huku.

Jana tukitoka ngomani, mama mmoja mtu mzima alitokea mbele yetu. Tobias akaacha njia ghafla, akaingia kwenye mabua ya mahindi, akampa mgongo. Mama naye akajifunika uso kwa khanga, akapita haraka. Hata salamu hawakupeana. Nilipomuuliza, alinijibu, "Simjui. Nimempisha tu."

Dada, nina miaka tisa kwenye ndoa hii. Tobias humpisha hivyo mtu mmoja tu, mama yetu, kwa kuwa ni mkwewe.

Usimwambie mama.

Leo kuna ngoma tena. Tobias hataki twende, lakini mimi nimeshavaa. Nikimwona mama yule nitapiga magoti nimwamkie vizuri, halafu nimuulize binti yake anaitwa nani.

Mdogo wako,
Mektilda